Mtupo wa Bure

Wanauita mtupo wa bure.
Mimi Gerrit Hoekstra, dereva wa lori la kusukuma theluji,
miaka ishirini na sita katika barabara za kaunti hii ya Iowa,
nauliza: bure kwa nani?
Jana usiku umetugharimu msimu mzima.

Sekunde nne. Tuko nyuma kwa pointi moja.
Roelofs mstarini, mitupo miwili,
hakuna mkono usoni pake, hakuna wa kumsukuma,
ila watu elfu tatu waliobana pumzi
na mimi redioni, chumvi ikimwagika nyuma ya lori
kama mtama wa kuku.
Wa kwanza: chuma.
Wa pili haukugusa hata chuma.
Mtangazaji akanyamaza.
Ukimya wa redio nao unajua kutukana.

Kocha Prewitt alikuwa na nafasi mbili
za kusimamisha mchezo, akarudi nazo nyumbani.
Anaziwekea akiba ya uzeeni?
Na ulinzi wa kanda, jamani,
dhidi ya vijana watatu wanaolenga kutoka mbali
kama watu wanaotia barua sandukuni!

Halafu Buckner. Msimu jana alikuwa wetu.
Alikula pai mezani petu, akaomba tena,
mke wangu Alida akamfumia kofia ya sufu, saizi ya ndoo.
Husemwa mcheza kwao hutunzwa;
siku hizi mcheza kwa wengine hutunzwa zaidi.
Simlaumu.
Kaunti jirani wakiniongeza dola mbili kwa saa
nami nitahama na koleo langu.
Namlaumu kidogo.
Kofia hakuirudisha.

Ligi yenyewe siitambui. Tumetiwa kundi moja
na chuo kilicho ukingoni mwa Pasifiki,
vijana wanakesha angani wakacheze dakika arobaini,
Jumatatu asubuhi mtihani wa kemia.
Besiboli wameitia saa ya kumharakisha mrushaji:
mchezo mmoja tu duniani ulikuwa hauna haraka,
nao wameufunga saa mkononi.
Kuhusu hoki sina neno.
Barafu naiona ya kutosha kazini.

Mpwa wangu Dirk hashabikii timu tena,
anashabikia tofauti ya pointi.
Tumefungwa kwa moja, yeye aliweka mbili,
akawanunulia watu bia.
Nilikunywa yangu. Ilikuwa chungu, nikaimaliza.

Na wanawake wetu wameshinda michezo kumi na tisa.
Tangu Novemba binti yangu Jantina ananiambia,
Baba, njoo Alhamisi.
Nimekwenda mara moja. Nilikaa kiti nilichotaka,
safu niliyotaka, nikaweka koti kwenye viti viwili zaidi.
Aibu hiyo ni yetu, si yao.
Mitupo yao ya bure, kwa taarifa yenu, inaingia.

Saa kumi na moja alfajiri, upepo unachuna ngozi,
nilikata kona kuelekea ukumbi wa chuo.
Haumo katika njia yangu. Najua.
Mlango wa pembeni ulikuwa umezibwa na theluji hadi magotini
na mtu anaichimba kwa mikono, mpira kwapani:
Roelofs.
Nilikuwa na maneno yake tayari,
nimeyanoa tangu saa nne usiku.
Nikashusha jembe la lori badala yake,
nikamfungulia njia hadi kizingitini.
Akainua mkono. Hakujua ni nani.
Kunja magoti, kijana! nikapiga kelele,
lakini kioo kilikuwa kimefungwa.
Dizeli ya kaunti, dakika sita, sikuiandika popote.

Jumamosi tunacheza na Dunmore, kwao.
Prewitt akianza na kanda tena
nazima redio, haki ya Mungu nazima.

Sizimi.