Studebaka ya Tukuyu

Baba aliinunua kwa Mgiriki wa Iringa
kwa magunia kumi na mawili ya kahawa
na ng'ombe mmoja
ambaye mama hajamsamehe hadi leo.

Mwaka huohuo, huko Marekani, walifunga kiwanda.
Habari haikupanda mlima upesi.
Tuliandika barua kuomba pampu ya maji;
ikarudi na mhuri, haijafunguliwa.

Basi fundi Asangalwisye akawa kiwanda.
Bushi alizichonga kwa tairi la lori,
kioo cha nyuma kikawa bati,
honi nikawa mimi, kichwa nje ya dirisha,
nikipiga ukelele kila kona ya Kiwira.

Mlima wa Isongole iliupanda kwa gia ya kwanza,
ikifoka mvuke kama chungu cha maharage,
nasi tukiruka chini na mawe
kukinga magurudumu, bila kuambiwa.

Sasa kuku wanataga kiti cha nyuma.
Mnunuzi wa vyuma chakavu kaja na mizani.
Mama, yuleyule wa ng'ombe,
kaketi kwenye usukani, kafunga mlango,
mvua ya Rungwe inapiga paa:

"Haya. Pima na mimi."