Rangi Ambayo Sikuichanganya

Saa mbili asubuhi, Punta Arenas, bado giza.
Upepo unagonga mabati kama mdai.
Yasna anafungua sanduku lake juu ya boneti
ya pikapu niliyoipiga msasa jana,
ananifunga pampu kiunoni, ndogo kama redio ya mfukoni,
anapitisha mrija mgongoni, begani,
anaubana kwenye kola yangu,
shubiri moja kutoka puani.
"Utavuta hewa, nayo itavuta hewa.
Wewe fanya kazi kama siku zote."

Kama siku zote.

Jana don Nibaldo alibadilisha vichujio vya kibanda,
vile vilivyokaa tangu sikukuu ya uhuru
hadi vikaota manyoya.
Akaleta glovu mpya, bado zina unga.
Akanitazama. Sikusema kitu.
Nina binti chuoni Valdivia,
na kinywa cha mwenye deni hufungwa kwa nje.

Miaka ishirini na mitatu nimepaka.
Nyeupe peke yake nazijua kumi na nne.
Nyekundu ya gari la zimamoto ukiizidishia tone moja la nyeusi
inageuka damu iliyokauka, na kapteni atairudisha.
Nyeusi na njano za teksi nachanganya macho yamefumba.
Lakini vanishi ya mwisho haina rangi,
na hiyo ndiyo inijuayo zaidi.
Inatoka kwenye bunduki kama pumzi ya mtu kwenye baridi,
inatua mlangoni, inang'aa,
mwenye gari atajitazama humo achane nywele;
ile isiyotua mlangoni
nayo inatafuta pa kutua.

Usiku kifua changu hupiga filimbi.
Otilia, mke wangu, husema ni paka.
Hatuna paka.
Jumapili hakipigi. Likizo ya Februari hakipigi.
Jumatatu jioni kinaripoti tena,
hakijawahi kuchelewa.

Yasna anaandika: dakika, lita, joto la kibanda.
Pampu inaguna. Nilidhani nitaisahau,
lakini sijawahi kusikia kitu kikivuta hewa yangu
siku nzima bila kukohoa,
na, nikisema kweli, nikakionea wivu.

Saa sita. Nimevua barakoa, nimevua glovu.
Mikono mikavu, misafi, hata mama angenisifu.
Anatoa kitambaa cheupe, anakilowesha,
anafuta kiganja, anafuta kati ya vidole,
anafuta kifundo, pale glovu inapoishia.
Anasema, tusubiri.

Tunasubiri.
Isaías, kijana wa kuchanganya rangi, anapita na kopo,
uso wazi, anapiga mluzi.
Kitambaa kinaanza kuona haya.
Waridi kwanza. Kisha chungwa. Kisha
nyekundu isiyokuwemo katika kitabu changu,
isiyo na namba, isiyo na jina la kiwanda,
ambayo sikuichanganya mimi
na iliyotoka kwangu.

"Isosianati," anasema Yasna, polepole,
kama mtu anayemtambulisha mgeni.
Nalijaribu neno mdomoni. Halikwami popote.
Njia wanaijua.

Don Nibaldo anakohoa mlangoni, kikohozi kizima,
cha kumkumbusha mtu mshahara.
Nina maneno matano, yamekaa kooni
pamoja na yote mengine yaliyokaa kooni:
"Rudi Alhamisi. Usipige simu kwanza."

Kalamu yake inasimama. Hasemi ndiyo.
Anazima pampu, anaandika: saa sita na dakika kumi na mbili,
na kimya kile kiunoni kinanishtua
kuliko mguno wake.
Kisha anachana pakiti nyingine ya kitambaa.

"Isaías," anaita, bila kugeuka,
"weka kopo chini. Lete mkono."

Mluzi unakatika.