Tayari

Barabara ya Kuhmo, saa kumi na moja alfajiri.
Theluji imeacha kuanguka; kilichobaki ni barafu,
nyeusi kama lami yenyewe.
Gari limeukumbatia msonobari.

Mimi nimo ndani, kiti cha nyuma,
viganja vyangu masikioni mwa mzee Urpo,
shingo isigeuke hata kwa unene wa unywele.
Wewe uko nje na mkasi wa chuma,
Ilmari wa zimamoto,
sura imefichwa na kioo cha kofia.

Ungekata sasa hivi, najua. Petroli inanuka.
Nasema, "Bado."
Nawe unangoja, mkasi umeachama,
mpaka sindano iingie,
mpaka pumzi ikumbuke njia yake.
"Tayari?"
"Tayari."

Turubai linatufunika, mimi na mzee.
Gizani humo ananiuliza
nani atampa mbwa chakula.
Nguzo inalia. Inakatika.
Paa linafunuka kama kopo la samaki,
baridi inaingia yote kwa mkupuo,
na mikono yako inapokea
palepale yangu inapoachia.
Hakuna aliyehesabu moja, mbili.

Sita sasa, majira ya baridi ya namna hii.

Jumamosi dukani, kwenye foleni, nina maziwa,
mbele yangu mwanamume mwenye upara, simjui,
anamfunga mtoto zipu hadi kidevuni.
"Tayari?" anamuuliza.

Maziwa yakaanguka.
Mikono yangu ilikwisha panda, yenyewe,
imeshika hewa pande mbili,
kwa upole,
kana kwamba pana kichwa.