Kituo cha Saba, Mtaa wa Reli

Mtaa wetu unaitwa Reli. Reli yenyewe haipo.
Iling'olewa kabla mama hajavunja ungo,
vyuma vikapakiwa melini, jina likabaki
kama shati la marehemu msumarini.

Mtwara ilipimwa kwa ajili ya wageni wasiofika.
Babu alishika ncha moja ya mnyororo wa kupimia,
akakanyaga upupu kutoka Ligula hadi Shangani,
ndiyo maana barabara zetu ni pana hivi:
ukimwita mtu ng'ambo ya pili,
jibu linakukuta umeshasahau ulichotaka.

Karanga zikaja, zikaenda.
Gesi ikaja. Tukapaka rangi vyumba vya uani,
tukaandika GESTI, nikanunua mashuka meupe thelathini.
Wageni waliolalia yale mashuka mpaka leo ni nondo.

Basi, halmashauri ilipoita tena mkutano wa mpango,
tulikwenda kama mtu aendavyo hitimani asikomjua marehemu:
kwa ajili ya pilau.

Afisa mipango, Akwitende Nnunduma,
binti wa Newala, vumbi jekundu limemganda viatuni,
hakuahidi kitu. Aliuliza tu:
"Bodaboda kutoka hapa mpaka sokoni?"
Elfu moja. Na kurudi elfu moja.
"Na fungu la nyanya?"
Mia tano.
Akanyamaza mpaka hesabu ikatuingia.

Vikaja vigingi tena. Nilicheka.
Cha saba kikachimbiwa mbele ya duka langu,
lililofungwa tangu wenye helmeti za njano walipoondoka.
Bati la kivuli, benchi la mninga, namba 7,
na saa za basi kupita: moja na robo, mbili na robo.
Saa! Katika mji ambao mwenye ratiba ni jogoo peke yake.

Wiki ya kwanza lilipita na abiria mmoja,
Likwachala, aliyepandia Ufukoni akashukia Ufukoni
akasema amesafiri.

Wiki ya pili mtu akakaa benchini, akaomba maji.
Nikafungua nusu mlango.
Mwingine vocha. Mwingine sindano na uzi mweusi,
anakwenda msibani, kifungo kimemtoka njiani.
Kufuli lilikuwa limeshikana kwa kutu; nikalipaka mafuta ya kula.
Nikakaanga korosho vipande, zile zisizofika mnadani,
nikazifunga kwa karatasi za mitihani ya darasa la saba.

Mwisho wa njia, Mikindani, walifungua nyumba ya mawe
iliyokuwa imeachiwa mbuzi.
Wakubwa walitaka kutundika picha za magavana.
Vijana wa pale wakagoma, wakaleta taruma moja la reli
lililokuwa daraja la mtaro kwa Bi. Somoe miaka yote.
Tulilikanyaga bure tukienda kuteka maji,
leo tunalipa mia tano kulitazama.
Nililipa. Nililia kidogo. Usimwambie mtu.

Sisemi mji umefufuka.
Hoteli ya ghorofa tano bado inafuga popo,
na mtu wa ushuru alifika dukani kabla ya faida.

Ila Jumanne iliyopita basi halikuja.
Dizeli, walisema. Ikawa na robo, ikawa na nusu,
na pale benchini na kandokando yake watu kumi na wanne,
wenye vikapu, wenye kadi za kliniki,
mmoja kapakata sinyago la mpingo kalivika kanga,
wakaanza kulalamika.

Kulalamika! Kwa sauti, kwa kutaja dakika!
Reli ilipong'olewa hakuna aliyeuliza.
Gesi ilipotupita bombani kwenda kwa wenzetu
tuliuliza siku chache, tukanyamazishwa, tukazoea.
Na sasa watu wanadai robo saa yao
kama wanadai mahari.

Nilisimama kizingitini nikiwasikiliza,
unga wa korosho mikononi.
Kisha nikatoka nje, nami nikalalamika.