Funguo za Wenyewe

Nyuma ya mlango wangu, kwenye kamba ya katani,
zimening'inia funguo za watu.
Huu wenye kutu ni wa Nambunga, yuko Mbagala,
anapanga viatu vya mitumba juu ya turubai.
Huu wa kufuli ya Kichina ni wa Dadi Chikuvinga:
nyumba ya bati za msauzi, madirisha ya vioo,
ndani hamna hata mkeka.
Na huu sijui tena ni wa nani.
Siutupi.

Mwezi wa sita napuliza salfa mikorosho yao
hadi kope zinakuwa za manjano.
Mwezi wa kumi naokota, napeleka ghalani,
stakabadhi zimeandikwa Chikuvinga, Nambunga, Chikuvinga;
jina langu liko chini kabisa, kwenye "aliyeleta".
Maji nanunua kwa ndoo, kwa pesa yangu.
Wakikumbuka, hutuma kidogo kwenye simu.
Wasipokumbuka nachimba ming'oko, siku inapita.

Bibi yangu Anatalia alivuka Ruvuma mwaka wa vita,
maji yakimfika kifuani,
chungu kichwani, mtoto mabegani.
Wenyeji hawakumnyima. Wakampa kipande alime,
wakamwambia: muhogo panda, kunde panda,
mti usipande.
Muhogo unang'oa, unakwenda zako.
Mti ni neno la kukaa.

Akalima miaka kumi vitu vya kung'oka.
Mwaka uliofuata mtoto yule akafa kwa surua.
Mjomba wa kina Chikuvinga akasema mzikeni hapo hapo,
kwenye muhogo wa mama yake,
maana kaburi nani atalikataza?
Masika ya pili, upande wa kichwa,
ukachomoza mkorosho.
Wakaja kumuuliza. Bibi akasema, sikupanda mimi.
Mtoto alizikwa kafumba kiganja,
ninyi mnajua alichokuwa ameshika?

Hakuna aliyeung'oa.

Basi leo wajukuu wa wenyeji wako Mbagala, wako Tandika,
mmoja kavuka Ruvuma kufuata vito Montepuez,
na sisi wajukuu wa waliokuja
ndio tunaofagia nyua zao
ili nyoka wasidhani hapana watu.

Jumanne walifika vijana wa kupima ardhi
na kimashine kinachosemezana na angani.
Mama, hapa mwenyewe nani?
Chikuvinga.
Na hapa?
Chikuvinga.
Kule bondeni?
Nambunga, lakini mpaka wake ni kile kisiki, siyo njia.
Na hapa, penye mti huu mmoja?

Nilinyamaza. Simu ilikuwa imelia alfajiri,
Dadi, hata salamu hakuimaliza:
dada yangu, wasije wakakuandika wewe.
Dada yangu, alisema.
Kisha akaomba nimpakilie unga wa muhogo kwenye basi,
ule wa mjini unanuka gunia.

Nikawaambia wale vijana: hapo amelala mjomba wangu.
Kwetu mjomba ndiye mkono unaogawa mali.
Wangu alikufa na miaka kumi na moja,
akagawa mti.

Yule mwenye karatasi akaandika, akafuta,
akapuliza vumbi la kifutio.
Hapa panataka uhusiano na mwenye ardhi, akasema.
Wewe ni nani wao?
Nikatazama mikono yangu, salfa bado imo kwenye kucha.
Andika: anayefagia.
Akainua kalamu, akanitazama mara ya kwanza tangu asubuhi.
Kwa herufi kubwa?
Kubwa, nikasema. Na kandamiza.