Jumlisha Ishirini na Moja

Bi Somoe alileta Probox asubuhi ya mnada,
korosho za watu bado zimelala ghalani.
Gari, akasema, linakunywa kama limefiwa:
mafuta ya elfu kumi, yaliyompeleka Kitangari na kumrudisha,
sasa yanamwacha njiani na magunia ya mitumba.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi.
Wa pili, nozeli zote nne, kwa mkopo.
Wa tatu alichomoa betri, akahesabu mpaka mia,
akairudisha. Taa ikazimika siku mbili.
Siku ya tatu ikawaka tena, ile ile,
njano, kama jicho la mgonjwa wa ini.

Mimi sikugusa spana.
Nilichomeka mashine chini ya usukani
nikangoja injini ipate moto,
maana iliyo baridi haisemi kweli.

Namba mbili. Wengi huziruka.
Ya muda mfupi hucheza, juu, chini, juu,
mkono wa muuza maji anayejaza ndoo
bila kumwaga tone, na Newala kila tone lina bei.
Ya muda mrefu haina haraka. Hiyo ni mazoea,
ni kompyuta imeshaandika daftarini:
huyu hewa humzidi, kila siku mwongezee petroli.
Sifuri ni ndoto. Toa tano, jumlisha tano, ndiyo maisha.
Kwa Bi Somoe: jumlisha ishirini na moja,
na ile ya mfupi, juu yake, tisa.

"Pampu hiyo," akasema Nanjota, kijana wangu.
Kanyaga kwanza.
Akakanyaga, mizunguko elfu mbili na nusu, akashikilia.
Namba zikaporomoka: kumi na mbili, saba, nne.
Unaona? Pampu ikichoka hulia mlimani.
Hili linalia likiwa limekaa.
Kuna hewa inayoingia bila kuhesabiwa;
injini ikinong'ona, ni nyingi,
injini ikivuta kwa nguvu, ni kikombe ndani ya pipa.

Mashine ya moshi sina.
Nina kopo la maziwa, kaa la moto,
ubani wa mia tano, pampu ya baiskeli.
Tukazima, tukaacha ipoe, nikapuliza.
Mama Lukia wa chapati akasogeza meza yake:
"Leo mnalipunga?"
Tukalipunga.
Moshi ukatafuta, ukakawia,
kisha uzi mwembamba ukachungulia nyuma ya manifoldi,
kwenye mpira mfupi kama kidole gumba
uliopasuka upande usiotazamwa na mtu.
Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.
Si pakacha hili. Hili huvuja kuingia ndani,
na mchukuzi ndiye anayelipa.

Mpira, elfu tatu. Klipu mbili, bure.

Nikawasha. Ya mfupi ikadondoka chini ya sifuri,
toa kumi, toa kumi na nane.
Nanjota akashika kichwa: tumeua!
Hatujaua. Daftari bado linaongeza kwa ugonjwa uliokwisha,
na mkono unapunguza kile daftari linachoongeza.
"Nilifute?"
Usilifute. Mwache mama aliendeshe,
taratibu, tambarare na mlima. Litajua lenyewe.

Bi Somoe alikuwa amekaa juu ya tairi,
anasugua goti.
"Nilivunjika mwaka ule wa mvua nyingi," akasema.
"Plasta ikatoka, daktari akasema umepona, nenda.
Nikachechemea miezi minne.
Mguu ulishapona. Mimi sikuwa nimeambiwa."

Hakuna aliyemjibu. Nanjota alikunja waya.

Ijumaa akapita, hakuzima hata injini,
akanyoosha mkono dirishani nimpime.
Nikachomeka mashine, siyo kwake.
Jumlisha sita. Tukasubiri kidogo.
Jumlisha tano.