Fundo la Tatu

Nilikuwa nashona mashati ya shule pale Kadutu,
vifungo saba, siku nzima juu ya cherehani ya mguu,
hadi Injinia Zihindula alipoleta kaptula ya mwanawe.
Akageuza mshono wangu nje ndani, akausoma kama barua.
"Mkono wako mwepesi," akasema.
"Unaweza kushona kitu kinachopumua?"

Sasa naamka kabla ya kengele ya misa ya kwanza,
nateremka matope ya Nguba mpaka ziwani,
ambako vizimba vinaelea juu ya Kivu
kama vyandarua vilivyopinduliwa.
Tilapia elfu nne kwa kizimba.
Katika kila mia, mmoja ni wangu.

Hulazwa kwanza katika beseni lenye mafuta ya karafuu.
Harufu ya pilau ya arusi, saa kumi na mbili asubuhi!
Anapepesuka, anageuka, tumbo jeupe juu.
Injinia anapasua, urefu wa ukucha wa gumba langu,
anatia kidude kama punje mbili za mahindi.
"Gramu mbili tu, tumempima, hatakihisi."
Nami nafunga: fundo la kwanza, la pili,
na la tatu nalizungusha mara mbili, alivyonifundisha mama,
kwa sababu kitambaa cheupe hakina siri.

Hatakihisi.
Mimi nilipasuliwa nikimzaa Ansima.
Mwaka wa tisa huu. Mvua ikija kutoka upande wa Idjwi
kovu langu hujua kabla ya redio.

Kibandani kuna kioo cha kompyuta.
Mistari ya kijani: kina, joto, mtikisiko.
Mistari ikitulia, Injinia hutabasamu: "Wana raha."
Siku moja nikamwambia, kabla sijajizuia:
hao wenye mistari ndio tuliowakata.
Wale elfu tatu na ushehe ambao hatujawagusa,
raha yao tunaisoma wapi?
Akakuna kidevu. Akasema ni swali zuri.
Akasema wafadhili wanakuja Alhamisi.

Wangu nawajua bila kioo.
Siku tatu hawaji chakulani pamoja na wenzao,
hukaa pembeni, karibu na wavu,
wameelekea kule maji yanakoingilia.
Namba 417 pezi lake lilikuwa limeliwa ukingoni.
Samaki humjua aliye dhaifu
kama soko linavyomjua mgeni.

Lakini niseme haki: vidude hivyohivyo
ndivyo vilivyopiga kelele mwezi wa tatu,
hewa ilipokwisha majini usiku wa manane.
Tukakimbia na pampu, peku, tukaokoa kizimba kizima.
Sijui jambo hilo niliweke wapi. Naliweka hapa.

Jumamosi, mwanamume mwenye ndoo, kwenye ngazi za soko:
"Tilapia, mama, ya jana usiku."
Jana usiku. Sikuuliza ya nani.
Nikamweka juu ya ubao jikoni, kisu kikagonga kitu.
Nikamgeuza kwenye mwanga wa dirisha.
Fundo la kwanza, la pili,
na la tatu, limezungushwa mara mbili.

Ndani, mwili ulikuwa umekipokea kidude,
au umekifunga jela, sijui.
Umekifuma utando mweupe, mwembamba,
mshono mzuri kuliko yangu yote,
usio na fundo hata moja.

Nimekiweka kisahanini, kando ya jiko la makaa.
Huko Nguba, kwenye kioo, 417 amepanda mlima.
Kina, hakuna. Joto linapanda polepole.
Mstari wa mtikisiko umetulia kabisa.

Simu inalia. Jina la Injinia.
Ansima anauliza kama tunakula.
Simu inanyamaza, inalia tena.
Ansima anauliza tena kama tunakula.